Kitambaa cha Komeo

Jumanne, 30 Julai

Simu ndiyo iliyotuambia. Mume wangu alikuwa anakula, simu ikalia, akaitazama, akaigeuza kifudifudi mezani na kuendelea kutafuna.

Mama mkwe akauliza, "Nani huyo?"

"Klabu."

"Wanasemaje?"

"Wamenitoa kwenye kundi."

"Kundi gani tena?"

"La wachezaji, mama. La kwenye simu."

Basi ndivyo alivyoachwa beki aliyelinda lango la Klabu tangu mimi sijaolewa, mtu ambaye mji mzima unamwita Komeo kwa sababu akisimama pale nyuma mlango umefungwa. Hakuna aliyempigia, hakuna aliyebisha hodi. Jioni katibu akatuma ujumbe: "Klabu inakushukuru kwa mchango wako na inakutakia kila la heri." Ujumbe huohuo, neno kwa neno, walimtumia dereva wa basi la timu alipostaafu. Walau dereva walimwacha amalize wiki.

Naandika kwa sababu nikisema nitagombana na watu, na mimi fundi cherehani nina wateja wa kila timu.

Jumatano, 31 Julai

Leo nimefungua droo ya cherehani kutafuta kifungo, nikakuta kitambaa cha unahodha. Nilikuwa nimekifua mwisho wa msimu na kukikunja, kama kila mwaka.

Ni chekundu, ukingo mweupe, na ukingo huo nimeshaurudia kuushona mara sijui ngapi. Desturi ya Klabu haijaandikwa popote lakini kila shabiki anaijua: nahodha anayeondoka humfunga kitambaa nahodha anayeingia, kwa mkono wake, mbele ya watu, kisha anazunguka uwanja akiagwa. Mume wangu alifungwa na beki wa zamani tuliyemwita Babu, ambaye siku hizi anauza vipuri vya baiskeli. Babu alilia, mume wangu alilia, na mimi nililia ingawa hata kuotea nilikuwa sikujui ni nini.

Sasa ona. Kwa haraka yao ya kumfuta mtu, wamesahau kitambaa kiko nyumbani kwake. Nimekirudisha kwenye droo, nimeifunga kwa ufunguo na nimeapa: hakitoki humu mpaka waje kwa miguu yao, wabishe hodi, waseme asante. Na Mwenyekiti wa Klabu akija, nina maneno yangu. Nimeshaanza kuyapanga.

Jumapili, 11 Agosti

Tatizo la nyumba hii sasa ni sauti ya mume wangu.

Miaka yote Jumapili ilikuwa siku ya ukimya. Jumamosi alikuwa anapiga kelele dakika tisini nzima, "Songa! Funga! Mtu nyuma yako! Tulia, tulia!" na asubuhi yake sauti imemkauka, anaomba chumvi kwa vidole. Mimi namchemshia maji ya tangawizi, tunakaa kimya, raha mustarehe.

Leo sauti anayo yote na hana wa kumpa. Amepanga jikoni upya. Amemwambia mama yake asogee kushoto ili nipite na sufuria.

"Mimi nimekuzaa," mama mkwe akamwambia. "Kushoto kwangu nakujua."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Halafu nikaingia chumbani nikalia kidogo.

Jumamosi, 24 Agosti

Ligi imeanza. Klabu wameshinda mbili bila. Watu wanasema kocha mpya ana akili, timu imekuwa changa, inakimbia. Haya.

Jumatatu, 26 Agosti

Amebisha hodi mtu leo, na nataka iandikwe kwamba alibisha.

Ni kocha wa timu ya kiwanda cha sabuni, waliopanda daraja msimu huu. Huyu bwana asubuhi ni msimamizi wa idara ya kufungasha, jioni ndiyo kocha. Alikaa kwenye benchi la wateja, kofia mapajani, ananukia sabuni ya kufulia.

"Shemeji," akaniambia mimi kwanza, "nimekuja kumuomba mtu wako. Vijana wangu wana mbio lakini wanacheza kama watu wasiojuana."

Mume wangu akamuuliza, "Umeambiwa nimezeeka?"

"Nimeambiwa. Na mimi nimezeeka, tutaelewana."

Wakapeana mikono. Mume wangu akasema, "Msimu mzima. Hilo ni neno langu." Kocha akampa na unahodha hapohapo. Akaukataa.

"Mimi bado nina kitambaa cha watu," akasema. "Sijakikabidhi."

Nikamtazama, akanitazama, nikarudi kwenye mashine yangu. Kitambaa cha watu! Watu gani?

Jumapili, 8 Septemba

Sauti imekauka. Wasabuni walitoka sare ugenini na mume wangu anaomba chumvi kwa vidole. Nimechemsha tangawizi huku naimba. Mama mkwe anasema nimepagawa.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimeangalia Klabu kwa jirani, kwenye televisheni. Sare. Nafasi ya mume wangu anacheza kijana wanayemwita Mrefu, na unahodha wamempa huyohuyo. Mwizi wa nafasi, mikono kama mianzi. Amevaa kitambaa cha mpira cha dukani, kinamteleza mpaka kwenye kiwiko. Anakipandisha, kinashuka. Anakipandisha, mshambuliaji anampita, bao.

Jirani akasema, "Kwani kile cha zamani kiko wapi?"

Nikasema sijui, nikaomba maji.

Jumamosi, 9 Novemba

Wasabuni na Klabu, mzunguko wa kwanza. Mume wangu hakucheza, ana adhabu ya kadi za njano. Tulikaa jukwaani. Klabu walishinda moja bila, bao la bahati, mpira ulimgonga mtu mgongoni.

Wakati wa mapumziko Mwenyekiti alipita mbele yetu, miwani myeusi na hakuna hata jua. Mume wangu akasimama kumsalimia. Mwenyekiti akatazama simu yake mpaka akatupita. Mtu aliyelala nyumbani kwetu siku ile basi lao lilipoharibika njiani! Kwenye maneno yangu nimeongeza aya nzima.

Jumamosi, 14 Desemba

Klabu wamefungwa manne. Manne! Nimekata suruali ya mteja nikiwa nafurahi, nimeikata fupi.

Mume wangu hakufurahi. Alitazama mabao yote kwenye simu, akasema tu, "Hakuna anayesema na mwenzake pale nyuma."

"Si wamejitakia?"

"Wachezaji hawakujitakia."

Mtu huyu wakati mwingine ananichosha.

Jumamosi, 11 Januari

Wamekuja!

Nilikuwa natia zipu kwenye sketi nikasikia gari. Mwenyekiti mbele, kocha mpya nyuma, wote viatu vya kung'aa. Nikaangalia droo, nikaangalia mlango, nikajiambia leo ndiyo leo, asemaye kesho ni mwongo.

Lakini mume wangu alikuwa ameshanishika bega. "Niachie mimi niseme," akaniambia taratibu. "Nakuomba." Akiniomba hivyo mimi sina ujanja.

Wakakaa kwenye benchi la wateja. Mwenyekiti akasifu nyumba, akasifu hali ya hewa, ambayo ilikuwa mbaya. Halafu akasema, "Ndugu yangu Komeo, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Dirisha dogo la usajili liko wazi. Rudi nyumbani."

Mume wangu akauliza, "Nani aliamua niondoke?"

"Ilikuwa ripoti ya kocha," akasema Mwenyekiti.

"Mimi nilikuta ameshaachwa," akasema kocha.

Wakatazamana. Mama mkwe, aliyekuwa anachambua mboga pembeni, akasema kama anajisemea, "Kumbe aliamua paka."

Nilijiuma mdomo. Mume wangu wala hakucheka. Akawaambia kwa upole kwamba ameshatoa neno lake kwa Wasabuni, na neno likitoka halirudi.

Mwenyekiti akashangaa kweli. "Sabuni? Wewe na jina lako lote, unabaki Sabuni?"

"Walibisha hodi," mume wangu akasema.

Nikataka kupiga kigelegele. Hakika nilitaka. Mwanamume wangu amekaa pale kwa fulana iliyotoboka begani, mimi fundi nisiyemshonea mume wangu, na amewajibu watu wazima wenye gari bila kupandisha sauti. Nilijiona mrefu kuliko mlango.

Lakini walipoondoka nilikaa nikafikiri. Asante hawakusema. Samahani hawakusema. Kitambaa hata hawakukiuliza. Walikuja kwa miguu yao lakini walifuata miguu yake tu. Basi kiapo changu kiko palepale.

Jumamosi, 8 Februari

Mvua. Klabu wamefungwa.

Jumamosi, 22 Februari

Mvua. Klabu wamefungwa tena. Wasabuni wa saba! Mashabiki wao wana wimbo mpya, kwamba Sabuni haichuji.

Jumamosi, 1 Machi

Mvua. Nguo hazikauki, wateja hawaji. Klabu ni wa pili kutoka mkiani. Babu wa vipuri anasema majuto ni mjukuu. Mama mkwe akamjibu kwamba yeye wajukuu anao na wanamsumbua vya kutosha, majuto abaki nayo Mwenyekiti.

Jumatano, 12 Machi

Mchana, mvua inamwagika, mtu akabisha hodi. Nikasema karibu bila kuinua kichwa, maana nilikuwa naingiza uzi kwenye sindano. Nilipoinua, alikuwa Mrefu. Ameinama kupita mlangoni, maji yanamtiririka, mkononi ana kipande cha kitambaa ndani ya mfuko wa nailoni.

"Shikamoo, shemeji."

Nikaitikia, maana salamu haikataliwi. "Mwenzako hayupo. Yuko mazoezini."

"Nimekuja kwako. Naomba unishonee kitambaa cha unahodha. Kile cha mpira kinateleza, watu wananicheka."

Nilimtazama mpaka akatazama chini. Nikasema, "Mafundi wote mjini wamekufa?"

"Hapana, shemeji. Ila wewe ndiye unayejua kinavyoshonwa." Halafu akaongeza harakaharaka, "Sikuja kuomba chake. Chake ni chake, hajanifunga. Naomba cha kawaida tu."

Nikachukua utepe nimpime mkono, basi tu, ili nisiseme kitu. Mkono ulikuwa baridi na una michubuko mpaka begani. Wakati napima akaanza kusema mwenyewe.

"Shemeji, pale uwanjani pamekuwa kimya mno. Nilipokuwa benchi nilikuwa namsikia Komeo mpaka kero. Sasa mpira ukija nasubiri nisikie 'Songa', nasikia mvua. Wenzangu wananitazama mimi niseme, na mimi sijui nianzie wapi. Hakunifundisha mtu. Nilipewa jezi, nikaambiwa wewe ndiye nahodha."

Nikamuuliza, "Na wewe ulijuaje kuwa umepewa?"

"Walituma kwenye kundi."

Loo. Kumbe na yeye walimpandisha kwa simu kama walivyomshusha mwenzake. Msimu mzima nimemwita mwizi mtu ambaye alirushiwa mzigo akiwa hajatandika hata kata kichwani. Nilimpa taulo na chai. Alipoondoka nilimwambia kitambaa nitakiangalia, asinisumbue.

Sikukishona. Nilijaribu, mkono ukakataa.

Ijumaa, 11 Aprili

Tumegombana.

Mechi ya mwisho ya msimu ni Klabu na Wasabuni, kwenye uwanja wa Klabu. Mume wangu alingoja nimalize kupiga pasi, akasema, "Siku ile nataka kwenda na kitambaa. Nimfunge Mrefu."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia mengi, na sauti haikuwa ndogo. "Waliokutoa kwa simu, wewe uwape kwa mkono? Asante ya punda ni mateke, na wewe unarudi kumpa punda majani! Waje hapa. Mwenyekiti aje, asimame hapo mlangoni, aseme asante, ndipo kitoke."

Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kitambaa sikupewa na Mwenyekiti. Nilipewa na Babu, na Babu alipewa na mwenzake. Mwenyekiti hayumo kabisa humo. Sasa wewe unataka ufunguo wa kitu chetu akae nao yeye?"

Nikasema nina kazi.

"Ufunguo wa droo ni wako," akasema. "Sitauchukua." Na hajauchukua. Ndilo linaloniudhi zaidi.

Jumamosi, 26 Aprili

Hatujasemeshana vizuri. Mvua.

Jumamosi, 10 Mei

Klabu wameshinda! Wakishinda na mechi ya mwisho wanabaki kwenye ligi. Sare au kufungwa, wanashuka daraja. Mechi ya mwisho ni dhidi yetu. Mji mzima unatutazama dirishani.

Mteja mmoja, shabiki wa Klabu, ameniuliza kama Komeo "atatuonea huruma". Nimemwambia gauni lake liko tayari.

Jumanne, 20 Mei

Mama mkwe aliingia chumba cha kazi akaketi bila kuitwa.

"Ukikalia nguo msimu wa mvua," akasema, "unajua kinachotokea."

"Kitu gani, mama?"

"Wewe ndiye fundi."

Alipotoka nikafungua droo. Kweli, ukingo mweupe ulikuwa umeingia ukungu, madoa meusi madogomadogo upande mzima. Mikono hii iliyokifua miaka yote! Niliona aibu, nikaona na hasira, na mara hii hasira haikuwa ya Mwenyekiti. Nimekiweka kwenye sabuni na ndimu. Nimeufumua ukingo wote wa zamani na kuushona mpya, mishono midogo, ile ninayowashonea mabibi harusi. Na nimekipunguza upana kidogo. Vipimo vya mkono mwembamba ninavyo.

Ijumaa, 23 Mei

Nimempangia begi: viatu, soksi, taulo. Kitambaa nimekiweka juu kabisa. Alipofungua alikuja akasimama nyuma ya kiti changu na kuweka kidevu kichwani kwangu. Nilikuwa natia vifungo, nikatia vyote upande mmoja.

Jumapili, 25 Mei

Jana nilikuwa siwezi hata kushika kalamu. Naandika leo, taratibu.

Uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda ukuta. Mvua nyembamba, matope kila mahali. Sisi wa Sabuni tulikaa kwenye kipembe chetu, mimi, mama mkwe, watoto wetu na Babu wa vipuri, aliyesema yeye leo ni mgeni wa pande zote.

Timu zikapanga mstari zikaanza kupeana mikono. Mume wangu alipofika kwa Mrefu, hakumwachia. Akavua kile kitambaa cha mpira kutoka mkononi mwake, akakichomeka kiunoni. Kisha akachomoa chekundu kwenye soksi.

Kelele zilikatika. Mrefu akanyoosha mkono. Mume wangu akakifunga bila haraka, akakivuta kuona kama kinateleza. Hakikuteleza. Nilijua hakitateleza! Akamwambia kitu sikioni, maneno mengi. Ndipo uwanja mzima wa Klabu ukasimama, wazee kwa watoto, na jina lake likapanda kutoka kila upande, Komeo, Komeo. Babu alikuwa analia kama siku ile. Mimi nililia na kupiga kelele kwa pamoja.

Halafu filimbi ikalia na huruma ikaishia hapo.

Sijapata kumwona akicheza vile. Mbio hana, kweli, waliosema hana mbio hawakusema uongo. Lakini kila mpira ulipofika alikuwa ameshafika. Na safari hii upande wa pili nao walikuwa na mtu wa kupiga kelele. "Songa! Funga! Tulia, tulia!" Nilidhani ni mume wangu. Alikuwa Mrefu! Sauti mbili, pande mbili, na hakuna aliyeona lango. Mimi nami nilipiga kelele, na nikiri, mara mbili nilimwambia Mrefu asogee kushoto.

Dakika za mwisho Klabu walipata kona. Kipa wetu akautema mpira, mtu akaupiga, kipa yuko chini, lango wazi. Mashabiki wao walikuwa wameshainua mikono. Mume wangu akajirusha kwenye mstari, kifua mbele, mpira ukamgonga ukaenda zake, na yeye akabaki kwenye matope.

Sare, bila bila. Klabu wameshuka daraja.

Msimu mzima niliingoja siku hiyo. Nilidhani nitacheza. Lakini nilipowaona wale vijana wameketi kwenye matope wameshika vichwa, sikuona utamu wowote. Kilichonijaa kilikuwa kitu kingine. Mume wangu aliinuka, akaenda kwa mmoja mmoja akiwanyanyua. Wa mwisho alikuwa Mrefu. Mrefu akasimama, akamshika mkono, akaanza kumtembeza kuzunguka uwanja, ile duru waliyomnyima. Na mashabiki wa timu iliyoshushwa na kifua chake hawakuondoka hata mmoja. Walisimama kwenye mvua wakampigia makofi hatua kwa hatua, wengine wanalia kwa kushuka, wengine kwa kumuaga, hata wenyewe sidhani walijua.

Hapo ndipo Mwenyekiti alipokuja kwenye kipembe chetu. Peke yake, bila miwani, suruali ina matope. Akasimama mbele yangu.

"Shemeji," akasema. "Tulikosea. Hatukumwambia hata asante."

Jamani! Maneno yangu! Aya baada ya aya, nimeyapanga tangu Julai, nimeyapiga pasi na kuyakunja. Nikasimama, nikavuta pumzi, nikafungua mdomo.

Hakikutoka kitu. Hata mlio. Sauti yote ilikuwa imebaki uwanjani.

Mwenyekiti akangoja. Nikajaribu tena, nikatoa upepo. Mama mkwe akaanza kutikisika kwa kicheko. Basi nikamshika Mwenyekiti bega, nikamgeuza, nikamnyooshea kidole kule uwanjani, mume wangu anapita mbele ya jukwaa kuu, amejaa matope kutoka kichwani mpaka miguuni, mkono mtupu, watu wote wamesimama. Mwenyekiti akatazama. Nikaacha kidole changu hewani mpaka nilipohakikisha ameona vizuri.

Leo nyumba iko kimya. Mume wangu ameomba chumvi kwa vidole, nami nimemuuliza kwa vidole anaitaka ya nini, chai ina sukari. Maji ya tangawizi nimechemsha vikombe viwili. Mama mkwe anaongea peke yake tangu asubuhi, anatusema wote wawili, na hakuna wa kumjibu.